Nirudishieni Ubovu wa Gari Langu

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Umeme wa Magari,
Ghorofa ya kwanza, nyuma ya kituo cha mafuta.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: FUNDI WENU KULITENGENEZA GARI LANGU LIKAPONA

Najua umekisoma kichwa hicho mara mbili ukidhani kuna neno limeruka. Hakuna. Mimi ni mkuu wa posta mstaafu, na barua zangu huzisahihisha kabla ya kulamba bahasha. Ninachokilalamikia ndicho nilichokiandika. Mmoja wa wanachama wenu, kijana mnayemwita Fundi Mara Moja, aliingia uani kwangu, akalikuta gari langu likiwa bovu kwa namna iliyoturidhisha sote, akaliacha likiwa zima. Naomba Umoja wenu umchukulie hatua.

Kabla sijayataja makosa yake, inafaa ujue nyumba aliyoiingilia. Mimi ni baba wa binti mmoja, aliyeolewa mbali, na ninalo gari moja kuukuu lililoachwa na marehemu baba yetu. Nasema baba yetu kwa sababu tuko wawili. Mwenzangu ni kaka yangu mkubwa, fundi simu mstaafu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, barabara ikiwa katikati. Marehemu alituambia gari ni la wanawe wote, akasahau kusema nani atashika usukani. Siku ya kugawana vitu vyake, mimi na kaka tulilifikia gari kwa pamoja, na sote tulikwenda mlango wa dereva. Yaliyosemwa pale siyarudii katika barua rasmi. Tangu siku hiyo hatukusemezana. Likitokea jambo la lazima, kaka alivuka mpaka getini akamwambia mke wangu, "Shemeji, mwambie huyo bwana bomba lake linavuja," wakati mimi nimesimama hapo hapo nimelishika hilo bomba. Watu wawili, mmoja amelishwa na barua na mwingine amelishwa na simu, tukakaa miaka mingi bila kupelekeana neno. Usidhani nimetoka nje ya mada. Haya yote yamo ndani ya malalamiko.

Gari lenyewe lilikaa chini ya turubai miaka yote hiyo. Lilikuwa langu kwa sababu lilikuwa kwangu. Mwaka huu panya waliingia wakazila nyaya zote, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, nami nikaamua kulifunga nyaya mpya kwa mikono yangu. Nilianza kwa kulipaka rangi eneo lote la injini, rangi ya fedha, tabaka mbili, kila kona na kila bolti, likapendeza kuliko sebule yetu. Kisha nikaenda duka la vipuri. Walikuwa na waya wa rangi moja tu, mweusi, nikanunua wa kutosha gari zima. Ili nisichanganye, nilifunga kitambaa kwenye ncha ya kila waya. Kipande cha foronya ya bluu kilikuwa taa za mbele. Pazia la zamani la jikoni lilikuwa waipa. Sare ya shule ya binti yangu ilikuwa taa za breki, na ukosi wa shati langu la posta ukawa honi. Nilijivunia mpango ule kuliko mipango yote niliyowahi kuifanya kazini.

Mke wangu ni mtu wa usafi. Asubuhi ya siku ya kuunganisha nilikuta vitambaa vyote vimefunguliwa, vimefuliwa, vimepigwa pasi na kupangwa vizuri juu ya kiti cha dereva.

"Vilikuwa vimeshika grisi," aliniambia. "Watu wangetuonaje?"

Nilivigeuza kimoja kimoja. Vilikuwa vinang'aa kweli.

Basi nikaunganisha kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yangu ilistaafu siku moja na mimi. Nilipowasha, gari lilikuwa hivi. Ukikanyaga breki, waipa zinafuta kioo. Ukiwasha indiketa ya kulia, honi inalia kwa vipindi, pii, pii, pii, mpaka umalize kona. Ukiwasha taa za mbele, zinafifia, na redio inazungumza. Ukizizima, redio inaendelea na mazungumzo yake. Ukifungua mlango wa abiria, injini inazimika kama imeudhika. Nikafungua boneti kutafuta tatizo.

Sijui mtaa wako ukoje, Ndugu Mwenyekiti, lakini mtaani kwetu mwanamume hawezi kupita boneti iliyo wazi. Anaweza kupita msibani, anaweza kupita kwenye ugomvi, boneti haipiti. Wa kwanza kuinama alikuwa kinyozi wa kona, mashine ya kunyolea bado iko mkononi na mteja wake yuko nyuma yake, amenyolewa upande mmoja. Alitazama akasema, "Betri hiyo." Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, akasema tusianze na jibu, tuanze na swali, na akaomba karatasi. Kesho yake walirudi. Baadaye wakaja na wenzao, na baadaye zaidi kila mtu akaja na kigoda chake, kwa kuwa kuinama siku nzima si kazi ya watu wa umri wetu. Mke wangu akaacha birika, akawa anachemsha chai kwa sufuria kubwa ile ya shughuli.

Na asubuhi moja, nikiwa nimeinama, nikaona viatu ninavyovijua upande wa pili wa injini. Kaka yangu alikuwa amevaa ovaroli yake ya simu na tochi ya kichwani. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Alizitazama nyaya kwa muda mfupi sana, akasema, "Itakuwa ethi."

Ethi, kama unavyojua wewe na kama asivyojua mke wangu ambaye atapewa nakala, ni ule waya mnene unaofungwa kwenye bodi la gari ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile ya mlango wa dereva. Nikamjibu, "Haiwezi kuwa ethi." Akafikiri, akasema basi labda ni dainamo. Kesho yake alikuja na kigoda.

Baada ya maelezo hayo, makosa ya fundi wenu ni kama ifuatavyo.

1. Hakuisoma hali aliyoikuta.

Aliletwa na binti yangu. Binti alisikia kwenye simu kwamba baba yake anashinda juani kwa ajili ya gari, akanionea huruma, akamtuma fundi kama zawadi. Binti yangu simlaumu. Lakini fundi mwenye macho angesimama getini kwanza akatazama. Angeona wazee wamekaa duara. Angeona chai. Angemwona mwalimu yuko katikati ya mchoro, na angeniona mimi nimeshika ncha moja ya waya, kaka yangu ameshika ncha ya pili. Hata mpita njia angejua kwamba pale hapakuwa na dharura. Yeye alivua miwani yake ya jua, akaipachika juu ya kichwa, akasema, "Shikamooni wazee. Naomba mnipishe kidogo." Tukampisha. Katika shauri lote hili, hilo ndilo kosa letu sisi.

2. Hakufuata utaratibu.

Sisi tulikuwa na utaratibu wa kutafuta tatizo, na ulikuwa unafanya kazi. Asubuhi tulikubaliana tatizo ni nini. Mchana tulilithibitisha. Alasiri tuligundua kwamba silo, na mwenye wazo alichekwa kwa heshima zote. Jioni tuliachiana swali la kwenda kulala nalo. Kwa njia hiyo tulikwisha kuiondoa betri katika orodha ya watuhumiwa (mara nyingi, kwa sababu kinyozi alikuwa anairudisha), tukaiondoa dainamo, tukaiondoa swichi ya ufunguo, na tulikuwa tunaelekea kuuondoa unyevunyevu wa hewa.

Fundi wenu hakuuliza tumefika wapi. Alitoa kitaa chake cha kupimia umeme, akakigusisha hapa, akakigusisha pale, akaufuata ule waya mnene mpaka mwisho wake. Halafu akacheka. "Wazee, nani kaipaka bolti ya ethi rangi? Umeme haupiti kwenye rangi!" Alisema kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, mpaka watu wa nyumba ya tatu wakachungulia. Akachukua kipande cha msasa, akaikwangua ile rangi yangu ya fedha, akaikaza bolti, na nusu ya maradhi yakaisha pale pale. Nusu iliyobaki ilikuwa ni nyaya zilizoingia mahali pasipokuwa pao. Hizo alizihamisha mmoja mmoja huku anapiga mluzi, akazifunga vibandiko vyenye namba, vya plastiki, visivyofulika. Shati lake jeupe lilitoka uani kwangu likiwa jeupe. Jioni ile ile alifunga boneti, akaipigapiga kwa kiganja, akasema, "Tayari. Hili hamtalisikia tena."

Wala hatujalisikia tena. Ndilo ninalolilalamikia.

3. Amevuruga ajira na elimu.

Kinyozi alikuwa amekwisha kuning'iniza kioo chake kwenye ukuta wangu. Wateja walimfuata huku huku, kwa sababu mtu ananyolewa huku anasikiliza hoja. Wapo walionyolewa bila kuhitaji kunyolewa, mradi wasikose kujua kama ni dainamo. Sasa amerudisha kioo chake kwenye kona, na wateja wanamwambia kunyoa kwake kumekuwa kimya mno.

Mwalimu ndiye anayenitia huruma zaidi. Alikuwa amechora mfumo mzima wa umeme wa gari nyuma ya kalenda za zamani, kwa penseli na rula, kalenda juu ya kalenda. Ulikuwa mchoro mzuri. Umeme ulipita kila mahali isipokuwa mahali gari lilipouhitaji. Alikuwa amebakiza taa za nyuma tu. Nilipomkuta juzi dukani nilimuuliza mchoro umefikia wapi, akaniambia, "Nimalizie nini, bwana? Jibu limeshatoka."

Na mke wangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kulalamika isipokuwa juu yangu, bado anachemsha chai kwa sufuria kubwa. Mkono umezoea. Tunakaa wawili tunaimaliza mpaka jua linazama.

4. Amehatarisha usalama barabarani.

Gari lilipokuwa bovu, nami kila jioni nikilizungusha mtaani kulijaribu, mtaa mzima ulijua tabia zake. Honi ikilia pii, pii, pii, watoto, kuku na waendesha baiskeli walijua mzee anakata kulia, na wakapisha. Juzi nilikata kulia kwa indiketa peke yake, taa ikiwakawaka kimya kimya kama magari ya watu wengine, nikaponea chupuchupu kumgonga kinyozi aliyekuwa amesimama katikati ya njia anasubiri honi.

Mguu wangu nao una mazoea yake. Mvua ya wiki iliyopita ilinikuta barabara kuu. Kioo kilipofunikwa na maji nilifanya nilichokuwa nimejifunza, nikakanyaga breki kwa nguvu ili waipa zifute. Gari likasimama. Breki za gari hili sasa zinasimamisha gari tu! Kioo kilibaki na maji yake, nami nikabaki katikati ya barabara nakanyaga tena na tena, huku dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu akinieleza ukoo wangu. Fundi mwenye uangalifu angenionya kwamba amerudisha kila pedali kwenye kazi yake.

Tena gari bovu halina ndugu. Tangu lipone, dada wa mke wangu anataka kupelekwa na kurudishwa, jirani ana kabati la kuhamisha, na mtu nisiyemfahamu alinisimamisha akaniita baba mdogo.

5. Amemwondolea kaka yangu sababu ya kuvuka barabara.

Hili naliandika polepole.

Wiki zile zote mimi na kaka hatukuzungumza kitu kingine isipokuwa umeme. Hakuna aliyetaja mlango wa dereva. Lakini umeme wa gari la baba una mambo mengi ndani yake. Siku moja tulikuwa tunafuata waya wa kile kitaa cha ndani, kilicho darini. Kaka alikuwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma, kile tulichokuwa tukilalia utotoni safarini, miguu yangu usoni pake. Akasema, "Taa hii ndiyo alikuwa akisomea ramani." Nikamwambia, "Baba hakujua kusoma ramani." Akafikiri kidogo. "Ndiyo. Lakini taa alikuwa anaiwasha." Tulicheka mpaka kinyozi akaja mbio kuuliza kama tumepigwa shoti.

Na siku nyingine, mikono yake ikiwa ndani ya injini, alinyoosha kiganja bila kugeuka akasema, "Mdogo wangu, nipe koleo." Hakusema huyo bwana. Alisema mdogo wangu. Nilimpa koleo, nikaenda nyuma ya gari nikajifanya natafuta bisibisi, kwa sababu uso wangu haukufaa kuonekana na watu. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nivishwe cheo.

Sasa sikiliza fundi wenu alichokifanya. Alipoipigapiga ile boneti na kusema tayari, watu walipiga makofi, nami kwa adabu nikapiga. Kaka hakupiga. Alizima tochi yake ya kichwani. Akainama, akachukua kigoda chake, akasema, "Haya. Limepona." Akavuka barabara. Hajarudi. Asubuhi nasimama getini, yeye anasimama dirishani, na sote tunatazama barabara kama kuna gwaride litapita. Sina la kwenda kumwambia. Baada ya miaka yote ile mtu hawezi kuvuka barabara mikono mitupu, na yeye vivyo hivyo. Tulikuwa na kitu cha kushika, kikachukuliwa.

Nimejaribu njia nyingine. Nilifungua boneti wazi, nikainama, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Kinyozi alipita, akachungulia, akasema, "Si limeshapona hili?" na akaenda zake. Utaniambia ningeweza kuchomoa fyuzi moja nikaitia mfukoni. Ningeweza. Lakini mimi nimekuwa mtumishi wa umma. Siwezi kuwaita watu wazima na heshima zao waje kutafuta tatizo ambalo nimelificha mfukoni mwangu. Ubovu ninaoutaka ni ubovu wa halali, uliofungwa na fundi anayetambulika.

Usidhani naomba jambo la ajabu. Ofisi nyingine zote zinalielewa hili isipokuwa yenu. Ofisi ya maji imeacha bomba limepasuka karibu na shule yetu kwa muda ambao sasa pale pana soko, kijiwe, na ndoa mbili zilizoanzia hapo. Ofisi ya ardhi imelipoteza faili langu, na katika korido yake nimepata marafiki ambao nisingewapata kamwe kama faili lingeonekana. Tukikutana tunaulizana habari za watoto, tunapeana zamu ya benchi. Watumishi wale wangeweza kumaliza kazi siku moja, lakini wana utu. Ni fundi wenu tu anayekwenda majumbani mwa watu anamaliza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Fundi Mara Moja arudi kwangu na vifaa vyake, aurudishe ubovu wote kama alivyoukuta. Kama kumbukumbu yake ni kama yangu, nitampa vitambaa. Viko safi.

(b) Kama ubovu wote hauwezekani, basi nipewe tatizo moja tu, lakini liwe imara, lisilopatikana kwa kitaa cha kupimia, na liwe na dhamana ya maandishi. Likipona lenyewe kabla ya wakati, aje alibadilishe.

(c) Umoja upitishe kanuni kwamba mwanachama akikuta gari limezungukwa na vigoda, asiliguse mpaka wenye vigoda wamekubali kwa kauli moja. Nakuhakikishia hatutakubali.

(d) Jina la Mara Moja afutiwe, aitwe Fundi Tutaona, na apelekwe kwa mafundi wenu wa zamani akajifunze kushika kiuno, kuvuta pumzi kwa meno, na kusema, "Hii kazi, mzee, si ya leo."

Nikikosa majibu nitaandika juu zaidi, na juu ya hapo kama papo. Stempu ninazo.

Mpe salamu mweka hazina wako na katibu wako, mafundi wote walio na mikono safi na wenye mikono michafu, mama watoto wako, na huyo dada anayepokea wageni hapo chini, ambaye aliniambia niandike barua badala ya kupanda ngazi. Mke wangu anakusalimu, na anasema usinisikilize. Mpe salamu hata Fundi Mara Moja, maana kama kijana wa watu sina neno naye. Kazi yake tu ndiyo iliyonikosesha raha.

Ni mimi, katika heshima na masikitiko,

Mkuu wa Posta (Mstaafu),
Mwenye Gari Zima.

Nakala: Mke wangu, kwa taarifa.
Binti yangu, bila kipengele cha 5, asije akalia.

Nyongeza: Nimeifungua bahasha hii baada ya kuwa nimekwisha kuilamba.

Nilitoka kuja kuileta mwenyewe kwa gari. Injini ilikubali, lakini nilipobonyeza honi, kimya. Indiketa, kimya. Waipa, kimya, hata kwa breki. Nikafungua boneti. Kwenye kisanduku cha fyuzi palikuwa na nafasi moja tupu. Sikuichomoa mimi. Naapa kwa pensheni yangu. Nikamuuliza mke wangu kupitia dirisha la jikoni kama kuna mtu aligusa gari.

"Shemeji alipita ulipokuwa unaoga," akasema, bila kunitazama. "Kasema alisahau bisibisi yake humo kwenye injini."

Alikuwa anajaza maji sufuria kubwa.

Sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Sikuwa hata nimeinua kichwa nilipoviona vile viatu upande wa pili wa injini. Ovaroli ya simu. Tochi ya kichwani inawaka, na jua limeshapanda. Kigoda mkononi. "Nimesikia lina tatizo," kaka akasema. Sikumuuliza amesikia kwa nani. Mfuko wa kifuani wa ovaroli yake ulikuwa umefungwa kifungo, naye alikuwa ameuwekea kiganja juu. Alitazama nyaya, akatazama betri, akakiruka kisanduku cha fyuzi kana kwamba hakipo, akasema, "Itakuwa ethi."

"Haiwezi kuwa ethi," nikamwambia, nikakisogeza kigoda chake kivulini.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, malalamiko yote yaliyo hapo juu nayafuta, pamoja na maombi (a) hadi (d). Nakuomba jambo moja tu badala yake: Fundi Mara Moja asitumwe kwangu kwa hali yoyote ile, hata binti yangu akipiga simu akilia. Akiwa ameshatoka, mrudisheni njiani. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa sijawahi kuizuia barua iliyokwisha kubandikwa stempu. Ataileta kinyozi, ambaye ameshainama hapa na mashine mkononi, akirudi kumaliza upande wa pili wa mteja wake. Sisi wawili hatuwezi kutoka. Tunatafuta tatizo, na hatuna haraka.